Kopo Langu Chini ya Kaunta

Mtoto wa miaka minne humdanganyi kwa pipi, ila kwa mstari mrefu anaingia mzima mzima. Panga vizibo vitano kwa kuviachanisha, vingine saba uvibane, kisha uliza wapi kuna vingi. Darasa langu lote la mido, lile la kati la chekechea, hapa Busia upande wa Uganda, lilinyoosha vidole kwenye vitano. Piaget, yule mwanasaikolojia Mswisi, aliyaandika mambo ya namna hii mwaka 1941, lakini yeye hakukutana na mama muuza bia.

Dawa yake ni kuoanisha. Kila kizibo kitafutiwe mwenzake upande wa pili. Upande utakaobaki na wapweke ndio wenye vingi. Wala mtoto hahitaji kujua kuhesabu.

Vizibo vyenyewe sasa. Nikawaambia watoto kila mmoja alete atakavyopata. Wengi walileta viwili vitatu, mmoja akaleta kifungo cha koti pamoja na kipande cha koti. Ndipo akaingia binti wa mama mwenye baa ya karibu na stendi ya boda, anaburuta gunia: makopo, yote yamejaa vizibo! Tukampigia makofi. Nikayamwaga yote kwenye beseni, nikakoroga kwa mwiko wa uji ili rangi zichanganyike.

Somo lilienda vizuri mno, nasema kweli. Saa nne mama mtu akatokea, leso imekazwa kiunoni.

"Mwalimu, makopo yangu yako wapi?"

"Yale pale, Mama. Tumekuoshea kabisa."

"Na madeni yangu?"

Kumbe mama hana daftari. Kila mteja wa kukopa ana kopo lake chini ya kaunta. Ukinywa bia, kizibo kinatumbukizwa humo hadi mwisho wa mwezi. Lenye kutu ni la fundi baiskeli, la maziwa ya unga ni la bwana mmoja wa forodha, na lile lililobonyea, mama alilitaja kwa sauti ya chini, ni la mwalimu wetu mkuu.

Habari ikaruka na boda. Kabla ya saa sita wadaiwa walikuwa wamejaa uwanjani, na hata siku ya wazazi sijapata umati ule. Kila mmoja alikuja kuchota vizibo vyake kwa kumbukumbu, na kumbukumbu zote siku hiyo zilikuwa fupi. Fundi alikumbuka bia tatu. Mwalimu mkuu alikumbuka soda.

Walipomaliza, beseni lilikuwa kama halijaguswa. Binti akachuchumaa, akavipanga vya watu huku na vya beseni kule, kimoja kwa kimoja, ulimi nje, kama nilivyomfundisha.

"Ticha! Vya beseni ndivyo vingi! Havina wenzao!"

Wadaiwa wakampigia makofi kuliko sisi asubuhi. Mama akageuka polepole.

"Beseni hili la nani?"

Watoto wa mido wakajibu kwa pamoja, kwa lile jibu la darasani la kuvuta: "La Tichaaa!"

Basi nalipa kidogo kidogo kila mshahara ukiingia. Mimi mtoto wa imamu, bia sijui hata harufu yake, nina kopo chini ya kaunta, na mwalimu mkuu alinisimamisha juzi kuniuliza kama nimefikiria kupunguza.