Kuamua kabla ya majibu ya maabara

Daktari anayemtibu mgonjwa mwenye maambukizi ya bakteria kwenye damu hawezi kungoja siku moja au mbili maabara ioteshe vimelea ndipo achague dawa; ni lazima aanze na hicho kidogo anachokijua. Pengo hilo ndilo MYCIN, mfumo wa kompyuta uliobuniwa Chuo Kikuu cha Stanford katika miaka ya 1970, ulijaribu kuliziba kwa mamia ya kanuni za "ikiwa hivi, basi vile", kila hitimisho likipewa kiwango cha uhakika kati ya -1 na 1.

Watetezi wa mifumo ya namna hii wana hoja nzito. Binadamu naye hukisia, tena bila kuonyesha hesabu yake. Katika tathmini iliyochapishwa mwaka 1979 kuhusu homa ya uti wa mgongo, tiba zilizopendekezwa na MYCIN zilikubaliwa na wakaguzi kwa asilimia 65, ilhali bingwa aliyefanya vizuri kuliko wenzake alipata 62.5.

Hata hivyo, tuitazame hesabu yenyewe. Dalili moja ikiunga mkono ugonjwa kwa 0.6 na nyingine kwa 0.4, kanuni ya MYCIN inaziunganisha kuwa 0.76 (0.6, pamoja na 0.4 ya pengo lililobaki hadi 1). Hilo ni sawa iwapo dalili hizo zimetoka njia tofauti. Lakini homa na kutetemeka kwa baridi kwa kawaida huandamana, na kuzihesabu kama ushahidi wa pande mbili ni kumsikiliza shahidi mmoja mara mbili.

Nadharia ya ushahidi ya Dempster na Shafer, njia nyingine ya kupima uhakika, iliyoanza 1967 na kukamilishwa 1976, inakwepa mtego mwingine: ushahidi wa 0.6 hauifanyi 0.4 iliyobaki kuwa ushahidi wa kupinga. Hiyo inabaki "sijui", na uwezekano wa ugonjwa unakaa kati ya 0.6 na 1. Ni uungwana wa kukiri ujinga, ingawa (na hapa wapinzani wana haki) daktari wa zamu ya usiku hana la kufanya na jibu la "kati ya 0.2 na 0.9".

Kwa maoni yangu, upana huo hautakuwa kikwazo iwapo mfumo utataja pia ni kipimo gani kinachokosekana kingebadilisha dawa. Na pale ambapo majibu yote yanayosubiriwa yangeelekeza kwenye dawa ileile, useme hivyo, ili sindano ichomwe bila kungoja.