Msiioshe sauti ya Kibirizi

Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wa dagaa hapa Kigoma hawaendi ziwani, maana taa zao hazifui dafu mbele ya mbalamwezi. Siku hizo mwalo wa Kibirizi hupoa, na kijana mmoja ninayemfahamu hupata nafasi ya kukaa kwenye ukingo wa mtumbwi uliovutwa mchangani akapiga gitaa. Pembeni huweka spika ndogo iliyounganishwa na simu. Gitaa halimgombanishi na mtu. Simu ndiyo inayozua maneno, kwa sababu humo amejaza sauti alizookota: mafundi wakigongelea misumari kwenye mbao za mtumbwi, injini ya boti inayogoma kuwaka, akina mama wakimwaga dagaa wakavu juu ya turubai. Hiyo ya dagaa huanza kama mvua ya kwanza juu ya bati, kisha inakatika ghafla, na mama mmoja anasikika akisema, "Bado, ongeza."

Juu ya sauti hizo ndipo anapoimba. Beti huwa ameshazitunga nyumbani, lakini kiitikio anakitafuta palepale, na siku nyingine anakikosa kabisa.

Wengi husema anapiga kelele. Mimi namhesabu miongoni mwa watunzi bora niliowahi kuwasikia mjini hapa, na nasema hivyo nikijua kwamba Kigoma imetoa waimbaji wakubwa wa bongo fleva.

Mwaka jana nilimpeleka studio. Prodyuza alitupokea vizuri, hata bei akatupunguzia. Tulipoufuata wimbo baada ya wiki moja, dagaa hawamo, injini haimo. Aliziona kuwa ni uchafu uliopenya kwenye maikrofoni, akazifuta zote, akajaza ngoma za kompyuta. Kijana alisikiliza hadi mwisho, akashukuru, na tulitembea mpaka Mwanga bila yeye kufungua mdomo. Iliniuma, na inaniuma bado.

Kazi ya namna hii ina historia ndefu, na sehemu yake imeanzia barani kwetu. Mwaka 1944 mjini Cairo, Mmisri Halim El-Dabh aliazima kwenye kituo cha redio mashine iliyorekodi sauti kwenye waya, akaenda nayo kwa wanawake waliokuwa wakipunga pepo. Aliporudi alizichuja zile sauti na kuzichezea mwangwi mpaka zikawa kitu kingine. Miaka minne baadaye, 1948, Pierre Schaeffer alitunga kazi nzima kwa sauti za garimoshi huko Ufaransa. Garimoshi! Reli ilifika Kigoma mwaka 1914, na mabehewa yanapogongana pale stesheni sisi tunafunga dirisha.

Sisemi kila anachofanya kijana huyu ni kizuri. Kuna nyimbo ambazo amerundika sauti tano kwa mkupuo, na maneno, ambayo ndiyo nguvu yake, yanazama. Nilishamwambia: sauti moja ikiwa na uzito inatosha.

Ushahidi ninao, ni wimbo wake wa karabai. Zamani ziwani kulivuma karabai usiku kucha. Sasa taa za betri na za sola zimeshika nafasi, zinawaka kimya, na nafuu yake kwa mvuvi siibishii. Lakini ule mvumo unapotea. Kijana aliitoa karabai ya mjomba wake stoo, akaipiga pampu, akaweka simu kando na kuanza kuimba taratibu habari za mtu anayesubiri ufukweni. Wimbo ulipofika katikati, upepo ndani ya karabai ukaanza kupungua na mvumo ukashuka. Hakusimama kupiga pampu. Alishusha sauti akaufuata, akaacha beti aliyokuwa ameipanga, akabaki akirudia jina moja tu mpaka taa ikazimika. Pumzi yake na ya karabai ziliishia mahali pamoja.

Nilipoucheza nyumbani, mama aliuliza kutoka jikoni nani amewasha karabai, na mafuta kayatoa wapi.

Wimbo huo mpaka leo uko kwenye simu tu. Wenye studio, njooni tuurekodi. Mvumo wake muuache ulivyo.