Kishikwambi Safarini
Kila ninapotoka Mwanza kwa pikipiki kwenda kupiga kambi ufukweni kule Lamadi, kishikwambi changu cha inchi 10, nilichokinunua ili nione ramani kwa ukubwa, hugeuka mzigo wa kubembelezwa kama mtoto mchanga. Mchana jua hukifanya kioo cha kujitazamia, nikaona kidevu changu badala ya barabara. Mvua ikidondoka, skrini hudhani matone ni vidole na kufungua programu nisizozitaka. Usiku ndio balaa (na hema langu lina tundu), kwa sababu wadudu wa ziwani huufuata mwanga na kujaa juu ya kioo, na nikiwapangusa kwa kidole, ramani huhamia Bukoba. Chaji nayo hutegemea betri ya pikipiki, ambayo asubuhi naihitaji kuwashia injini.