Mtu wa Kompyuta Hapumui

Nina ugomvi na mtu mmoja anayeishi ndani ya kompyuta ya mpwa wangu. Mtu huyo ana mabega yangu, ana kifua changu, ana na kitambi changu chote, hajaniachia kitu. Lakini hapumui. Hali chakula. Haketi. Hajawahi kugombania daladala ya Mbagala saa kumi na moja jioni. Na huyo ndiye anayepimiwa nguo, halafu anayeambiwa aivae ni mimi.

Mimi ni fundi cherehani. Kibaraza changu kiko Mbagala, mtaa siutaji kwa sababu kuna watu wananitafuta kuhusu vitambaa vyao. Mpwa wangu Zuhura, mtoto wa dada, yuko chuo anasomea usanifu majengo. Tulipochangia ada ukoo mzima, kila mtu alikuwa ameshachagua rangi ya bati. Sasa mwaka huu wamempa kazi ya kutengeneza jengo la karatasi linalovaliwa mwilini, kwanza alichore kwenye kompyuta, kisha alikate, alikunje, alivishe mtu.

"Siyo nguo, mjomba. Ni muundo."

Nikamuuliza, muundo huo unaingilia wapi? Akasema unapitia kichwani, unakaa mabegani, unashuka mpaka kiunoni. Haya.

Kwanza alitaka mwili. Nikamvulia futi kamba shingoni, nikamwambia kifua, bega, kiuno, dakika moja tumemaliza. Hakutaka. Akanisimamisha katikati ya uwanja, mikono nimeitanua, jua la saa saba, akaanza kunizunguka na simu akipiga picha. Za juu, za katikati, za chini. Programu inazichukua picha zote hizo, inatafuta alama zinazofanana kati ya picha moja na nyingine, inakokotoa kila alama ilikuwa wapi, ndipo inaunda mwili. Ndiyo maana alinikataza shati jeupe: kwenye nguo isiyo na maua programu haina pa kushika. Nikavaa batiki. Ikabaki kutotikisika tu.

Mama Rama wa nyumba ya pili akapita na ndoo. Akaniona nimetanua mikono juani, macho mbele, binti ananizunguka kimyakimya. Akasimama, akauliza taratibu, "Anaombewa?"

Nikageuka kumjibu. Jioni Zuhura akanionyesha matokeo: nina masikio matatu.

Tukarudia, bila Mama Rama. Mwili ukapatikana, umeundwa kwa pembetatu maelfu kwa maelfu. Akaanza kuzipunguza, maana kila pembetatu ni karatasi ya mtu kukata, na mtu mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kumhisi. Zikabaki mia tatu na ushei. Kila akipunguza, kitambi changu kinapata kona. Sijawahi kuona dharau ya namna ile, lakini sikusema kitu, ada tumeshalipa.

Juu ya mwili huo ndiyo akachora muundo wake. Anatumia Rhino, programu ya kuchora maumbo, na ndani yake kuna kitu kinaitwa Grasshopper: vijisanduku vimeunganishwa kwa nyaya za kuchora, ukivuta kitufe kimoja umbo lote linabadilika. Anavuta, kola inapanda mpaka masikioni. Anavuta, mabega yanatanuka. Anarudisha, yanarudi. Hapo kusema kweli nilinyamaza. Mimi mteja akiniambia "ongeza kidogo begani" nafumua mkono mzima, natafuta kitambaa kilichobaki, nakikuta mke wangu ameshakifanyia kishikio cha sufuria.

Shida ikaanza pale vitu vilipotakiwa kutoka kwenye kioo na kuja duniani.

Karatasi haina huruma. Kitambaa ukikivuta kwa mshazari kinakubali, kinajinyoosha, kinafuata mwili. Karatasi inapinda upande mmoja. Ukiipinda huku ukataka na kule kwa wakati huohuo, inakunjamana au inachanika. Chukua chungwa, jaribu kulivisha ukurasa wa daftari pasipo kikunjo hata kimoja, kisha njoo unisimulie. Zuhura akaniambia kuna Mjerumani, Gauss, aliyethibitisha jambo hilo kwa hesabu karibu miaka 200 iliyopita. Nampa heshima zake. Lakini angekuja kibarazani angemkuta fundi yeyote aliyewahi kushona blauzi ya mama mwenye kifua, angejua bila hesabu. Unabana kitambaa kwa mshono unaoanza mpana ukaishia ncha, la sivyo hakikai.

Basi kompyuta nayo inafanya hivyohivyo, inapasua. Inachana umbo kwenye kingo, inalilaza chini bapa. Kila ukingo unapewa namba, na namba hiyo ina mwenzake mahali: 47 inamtafuta 47. Pembeni vinawekwa vimasikio vya gundi. Mistari ya kukunja ni ya aina mbili, mmoja wa kukunjia nje, mwingine wa kukunjia ndani, na kwa macho yangu ya bila miwani yote ni mmoja.

Tukaenda kuprinti kwenye manila ya gramu 200. Msidharau karatasi kwa uzito. A4 ni milimita 210 kwa 297, kumi na sita zinafanya mita moja ya mraba, kwa hiyo manila moja ya aina hiyo ni gramu kumi na mbili na nusu. Arobaini ni nusu kilo, na gundi hujaihesabu.

Kijana wa steshenari ana roho nzuri, na hiyo ndiyo iliyotuponza. Akaona mistari inakaribia ukingo wa karatasi, akaogopa isikatwe, akaiambia printa ipunguze ili kila kitu kitoshe kwenye ukurasa. Hakutuambia. Alipofika katikati umeme ukakatika. Uliporudi, akaanza upya na zilizobaki, na safari hii akasahau huo wema wake. Kwa hiyo upande wa kushoto nilitoka mtu mzima, upande wa kulia nikatoka mdogo wangu.

Hilo tumekuja kulijua usiku, 47 alipokutana na 47 wakatofautiana milimita nne. Milimita nne kwenye suruali naimeza kwenye mshono, na mteja ananishukuru. Kwenye karatasi hakuna pa kuimezea. Ukilazimisha, ukingo wa pili unahama, wa tatu unahama zaidi, mpaka kola inaelekea Kigamboni. Dawa yake ni kuchora mraba wa sentimita kumi kwa kumi kwenye kona ya ukurasa, na kuupima kwa rula hapohapo dukani kabla pesa haijatoka mfukoni. Hayo nawapa bure.

Akaprinti tena. Usiku tukakaa sebuleni, mimi, Zuhura, na wanangu wawili walioahidiwa chipsi. Ukitaka manila ikunjike vizuri lazima kwanza uikwaruze mstari: unachukua kalamu iliyokwisha wino, unaipitisha kando ya rula kwa nguvu ya wastani, karatasi inaingia mfereji mwembamba bila kuchanika. Kisha ndiyo unakunja. Nikaona baadhi ya mikunjo inatoka laini na mingine inapasuka mgongo, nyuzi zinaonekana. Nikamwambia Zuhura, hii karatasi ina uelekeo. Akabisha, nikamchania kipande: huku kimechanika kwa mstari ulionyooka, huku kimekwenda upogo. Kiwandani nyuzi hulala kufuata mwendo wa mashine, na mkunjo unaokatisha nyuzi lazima ukwaruzwe zaidi. Programu ikipanga vipande ili karatasi isipotee bure, inavigeuza inavyotaka yenyewe, uelekeo haiulizi. Kitambaa changu nikikikata hivyo, suruali inazunguka mguu.

Sasa kuna jambo hakuna chuo kinacholifundisha. Ukigundisha vipande mia tatu, feni lazima izimwe. Ikiwashwa, 112 anaruka chini ya kabati, 113 anatoka na upepo barazani. Mbagala, mwezi wa Aprili, madirisha yamefungwa kwa ajili ya mbu, feni imezimwa, watu wanne tumeinamia meza. Jasho likanidondoka kwenye kipande cha bega. Zuhura akaguna, "Mjomba, unyevu!" Nikamuuliza ataka nilitoe wapi lililo kavu?

Na gundi nyeupe ina maji. Ukiiweka nyingi, manila inavimba na kupinda hata pale ambapo hukuiomba. Unapaka nyembamba, unabana kwa kidole, unahesabu mpaka thelathini, unahamia kinachofuata. Vidole vyangu vilikuwa vimeganda ngozi juu ya ngozi. Asubuhi Mama Salome akaja kuuliza gauni lake la sendofu, akakuta cherehani imefunikwa mabega ya karatasi. Akayatazama, akanitazama. "Fundi, kitenge changu umekipeleka wapi?" Nikamwambia kipo, kipo salama. Kipo kweli. Hakijakatwa tu.

Muundo ukakamilika. Nikavishwa. Jamani, ulinikaa! Sentimita kwa sentimita, kona kwa kona, wanangu wakapiga makofi. Zuhura akanong'ona, "Modeli ilikuwa sahihi." Nikafurahi, nikavuta pumzi nimjibu.

Pa! 61 akamwacha 61.

Nikakaa kitini kutuliza hali, kola ikapanda mpaka puani. Nikainuka niende maji, mlango ukanikataa. Ndipo nikamuuliza Zuhura, ulipompimia yule mtu wako, ulimwachia nafasi kiasi gani? Nafasi ya nini, mjomba? Ya kupumua! Ya wali! Sisi kwenye shati tunaacha sentimita kadhaa kifuani zaidi ya mwili wenyewe, na hakuna mteja aliyewahi kutuuliza kwa nini, kwa sababu wateja wetu wako hai. Akasema ameuchora muundo juu ya ngozi hasa, ndivyo unavyopendeza. Unapendeza kwa yule bwana wa humo ndani, ambaye tangu azaliwe amesimama ametanua mikono.

Kwa kunifariji akaniambia Wamarekani walivaa karatasi zamani. Mwaka 1966 kampuni ya Scott iliuza magauni ya karatasi kwa dola moja na senti 25, wakauza karibu nusu milioni. Sawa, lakini karatasi yao ilichanganywa nyuzi za rayoni, na gauni lenyewe lilikatwa pana, linaning'inia, mtu anapumua humo na mpangaji wake. Zaidi ya yote, halikupandishwa daladala.

Akarudi kwenye kompyuta siku mbili tatu, akaja na dawa. Kuna mkunjo wa Mjapani Koryo Miura, ambao walikunjia paneli za jua za chombo kilichorushwa angani mwaka 1995. Ukishika pembe mbili ukavuta, karatasi nzima inafunguka kwa pamoja, ukisukuma, inajifunga. Akanikunjia kipande akanipa nikivute.

Nikakivuta. Nikakiachia. Nikakivuta tena.

"Zuhura, haya ni marinda."

"Siyo marinda, mjomba."

Yamevunjwa zigizaga, sikatai, na hiyo zigizaga ndiyo inayofanya urefu na upana vifunguke pamoja, jambo ambalo sketi haiwezi. Lakini ni marinda. Miaka yote hii nashona marinda ya sketi za shule, hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kunipeleka angani.

Akaweka ubavuni, kushoto na kulia. Nikapumua. Nikala hata andazi.

Safari ya chuo sitaki kuisimulia yote. Ilibidi niuvae, kwa sababu kubebwa mkononi hauwezekani. Konda akanitazama mabega, akasema huyu alipe viti viwili. Nikalipa. Abiria mmoja akanipisha akidhani nimefungwa bandeji ngumu. Chuoni nikasimamishwa mbele ya walimu, wakanizunguka, wakaongea mambo ya kingo na mzigo na mwanga, mmoja akanigusa ubavu akaona unafunguka na kufunga, akafurahi sana. Akamgeukia Zuhura: "Na huu mwili mmeupata wapi?"

Nilitaka kumjibu, lakini nilishaonywa kuhusu kola.

Alifaulu, tena vizuri. Ukoo umepigiwa simu, dada yangu amelia. Mimi nimerudi nao umevaliwa vilevile, kiti kimoja safari hii kwa sababu konda wa jioni hakuniona vizuri, na nikiwa nashuka kituoni nikakutana na Mama Rama. Safari hii hakuuliza kama naombewa. Alinizunguka mwenyewe, akagusa mabega, akarudi nyuma hatua mbili.

"Fundi, kumbe unashona na hivi? Binti yangu ana mahafali mwezi ujao. Shilingi ngapi?"

Nikataja themanini elfu, nikijua ataondoka.

"Na mvua ikinyesha?"

"Mvua ikinyesha, Mama Rama, hatujuani."

Akafungua pindo la kanga, akahesabu arobaini ya kuanzia, akanitia mkononi. Tangu hapo nampigia Zuhura, simu inaita tu.