Shamba la Paneli: Anayesaini na Anayebaki Nje ya Uzio

Mkataba wa kukodisha shamba ili lisimikwe paneli za umeme wa jua huwa na kurasa nyingi, lakini mwenye shamba anayeletewa mkataba huo mezani kwa kawaida hutafuta kwanza mstari mmoja: atalipwa kiasi gani kwa ekari kwa mwaka. Hapaswi kulaumiwa kwa hilo. Mtu aliyezoea kupanda bila kujua kama mvua itanyesha, na kuvuna bila kujua bei itakayomkuta sokoni, akiambiwa kwamba atapokea malipo kila mwaka kwa miaka 25 au 30, mvua inyeshe isinyeshe, ana kila sababu ya kusikiliza. Jirani yake, ambaye hajaletewa karatasi yoyote, ana sababu zake za kununa. Suala hili hupenda kusimuliwa kana kwamba ni ugomvi kati ya wanaotaka nishati safi na wanaoipenda ardhi. Mimi nauona ugomvi wenyewe mahali pengine: kati ya anayesaini na wale wanaoitegemea ardhi hiyohiyo bila jina lao kuwemo kwenye hati.

Megawati moja ya umeme wa jua huhitaji takriban ekari 5 hadi 10, kutegemea aina ya mitambo na umbo la ardhi, kwa hiyo mradi wa megawati 50 humeza mamia ya ekari kwa mkupuo. Mwekezaji hutafuta ardhi tambarare, isiyo na miti mingi, inayofikika kwa malori, na zaidi ya yote iliyo karibu na laini ya msongo mkubwa au kituo cha kupozea umeme, kwa sababu kila kilomita ya nyaya ni gharama juu ya gharama. Bahati mbaya, sifa hizo, ukiondoa nyaya, ndizo alizozitafuta mkulima pia tangu zamani. Wapo wanaojibu kwamba paneli ziende jangwani kusikokaliwa na mtu, ila jangwa nalo mara nyingi lina wenyewe. Karibu na mji wa Ouarzazate nchini Moroko, mitambo mikubwa ya Noor ilijengwa kwenye ardhi iliyokuwa malisho ya pamoja ya jamii ya Waamazigh, na ardhi hiyo ilinunuliwa kwa dirhamu 1 kwa mita ya mraba. Ikishaitwa ardhi isiyo na kazi, bei yake hushuka kabla mwenyewe hajafungua kinywa.

Kwa upande wa wamiliki wanaokubali, hoja zao ni nzito kuliko wapinzani wao wanavyotaka kukiri. Wengi wao ni watu wazima ambao watoto wao walishaondoka kwenda mijini na hawana nia ya kurudi kushika jembe. Kwao, njia mbili zinazobaki ni kuuza shamba moja kwa moja au kuliacha liote magugu, na ukodishaji huwapa njia ya tatu, ambayo hati inabaki mikononi mwao na kipato kinaingia. Tena huuliza swali ambalo sijasikia likijibiwa vizuri: ikiwa mwenye shamba anaruhusiwa kubadilisha zao, kulaza shamba au kupanda miti ya mbao bila kumwomba jirani ruhusa, kwa nini jirani awe na kauli kwenye paneli?

Jibu, nadhani, limo katika mambo yaliyotokea Pavagada, jimbo la Karnataka, India. Huko, kwenye eneo kame la wilaya ya Tumakuru, serikali haikununua ardhi bali iliikodi kutoka kwa wakulima, takriban ekari 13,000, na kujenga mitambo yenye uwezo wa megawati 2,050. Malipo yalipangwa kuwa rupia 21,000 kwa ekari kwa mwaka, yakiongezeka kwa asilimia 5 kila baada ya miaka miwili, kwa muda wa miaka 28. Kwa mwenye ekari nyingi zilizokuwa zikimlipa karanga chache katika mwaka wa ukame, huo ulikuwa mkataba wa neema. Lakini palikuwa na vibarua wasiomiliki hata ekari moja, waliokuwa wakiishi kwa kupalilia na kuvuna mashamba ya wengine, na palikuwa na wachungaji waliokuwa wakipitisha mifugo kwenye mabua baada ya mavuno. Uzio ulipofungwa, kibarua hakufidiwa chochote kwa sababu hakuwa na kitu cha kukodisha, na mchungaji alilazimika kuzunguka. Ujenzi huleta ajira nyingi kwa muda mfupi. Mitambo ikishawaka, kinachohitajika ni walinzi, wafyeka nyasi, waosha paneli na mafundi wachache. Kwa hiyo jirani anayedai kauli huwa mara nyingi anatetea riziki iliyokuwa ikipita kwenye shamba la mwenzake bila kuandikwa popote, na mandhari ni nyongeza tu.

Hata kwa aliyesaini, hesabu inafaa kurudiwa polepole. Nyongeza ya asilimia 5 kila baada ya miaka miwili ni chini kidogo ya asilimia 2.5 kwa mwaka. Ikiwa bei za bidhaa zitapanda kwa asilimia 5 kila mwaka, basi baada ya miaka 26 pango litakuwa limekaribia mara mbili huku bei zikiwa zimepanda zaidi ya mara tatu na nusu, na fedha hiyo itanunua karibu nusu tu ya ilichonunua siku ya kwanza. Tofauti kati ya mkataba unaoongeza malipo kwa kufuata mfumuko wa bei na ule wenye asilimia iliyogandishwa inaweza kuwa kubwa kuliko tofauti ya pango la mwanzo ambayo watu hushindania siku ya kusaini.

Kuna hoja ya chakula, ambayo husikika sana na ambayo mimi huipokea kwa tahadhari. Marekani, ambako hoja hiyo hupigiwa kelele, zaidi ya theluthi moja ya mahindi huishia kwenye ethanoli ya kuendeshea magari, na ekari ya paneli huzalisha nishati nyingi zaidi mara kadhaa kuliko ekari ya mahindi hayo. Hata hivyo, hoja hiyo haifi kabisa, kwani ardhi bora ya kulima ni chache na haihamishiki. Mwaka 2024 Italia ilipiga marufuku kusimika paneli mpya moja kwa moja ardhini kwenye ardhi ya kilimo, ikiacha mianya kadhaa, ukiwemo wa paneli zilizoinuliwa juu ili kilimo kiendelee chini yake. Japani ilikwisha kuruhusu mtindo huo mwaka 2013 kwa sharti kwamba mavuno yasishuke chini ya asilimia 80 ya wastani wa eneo, na Ufaransa mwaka 2024 iliweka kikomo cha upungufu wa mavuno kuwa asilimia 10. Mtindo huo ni ghali zaidi kwa sababu ya vyuma virefu, na hautoshei kila zao, lakini una faida moja ambayo wachumi huisahau: unaacha kazi shambani, na kibarua anapata pa kuingilia. Kondoo wanaolishwa chini ya paneli za kawaida ni njia ya bei nafuu zaidi, ingawa mchungaji mmoja mwenye mkataba hawezi kuchukua nafasi ya vibarua wa msimu mzima wa palizi.

Vifungu ambavyo wamiliki huvipita haraka ni viwili. Cha kwanza humpa mwekezaji haki ya kuishikilia ardhi kwa miaka kadhaa kabla ya kuamua kama atajenga, kwa malipo madogo, na katika muda huo mwenye shamba hana uhuru wa kuingia mkataba na mwingine hata akitokea mwenye bei nzuri. Cha pili kinahusu siku ya kung'oa. Maelfu ya nguzo zilizopigwa ardhini, nyaya zilizofukiwa, zege la mitambo, na udongo ulioshindiliwa na malori vyote vinahitaji fedha ili shamba lirudi kulimika, na kampuni iliyosaini inaweza kuwa imeuza mradi mara mbili tatu kabla ya siku hiyo au imefilisika. Ahadi ya maandishi kwamba mwekezaji ataondoa kila kitu haina nguvu pasipo dhamana iliyowekwa benki tangu mwanzo, inayokadiriwa upya kila baada ya miaka michache. Mmiliki anayesaini mkataba wa miaka 28 akiwa na umri wa miaka 60 atakuwa na miaka 88 mwisho wa mkataba huo utakapofika. Kwa sehemu kubwa, atakayesimama shambani na kuhesabu nguzo zilizobaki ni mtoto au mjukuu wake, na ni vyema akawa amekaa mezani siku kurasa hizo zinaposomwa.