Viti Vitupu vya Oakland Vimesomwa Kinyume

Kila mjadala kuhusu timu ya besiboli ya Athletics kuondoka Oakland, California, huishia kwenye hoja moja: watu hawakuwa wakienda uwanjani. Kisha namba zinawekwa mezani. Mwaka 2023 timu iliingiza watazamaji 832,352 katika mechi zake 81 za nyumbani, wastani wa watu 10,276 kwa mechi, idadi ndogo kuliko ya timu nyingine yoyote ya Ligi Kuu ya Marekani. Kwa hesabu hiyo, wanasema, mmiliki John Fisher alikuwa na kila sababu ya kutafuta mji mwingine, na jimbo la Nevada likamfungulia mlango kwa hadi dola milioni 380 za umma ili ajenge uwanja mpya Las Vegas. Namba hizo ni za kweli. Ila zimefanywa chanzo, wakati kwa kiasi kikubwa ni matokeo.

Aliyezoea kwamba Simba ni ya Msimbazi na Yanga ni ya Jangwani huenda akajiuliza timu inahamaje mji mzima. Marekani timu ni mali ya mtu, na ligi ndiyo inayotoa kibali cha mji. Athletics wenyewe walianzia Philadelphia, wakapitia Kansas City, wakafika Oakland mwaka 1968 na kutwaa ubingwa wa World Series mara nne wakiwa hapo: 1972, 1973, 1974 na 1989. Novemba 2023 wamiliki wa timu zote 30 walipiga kura ya kuruhusu uhamisho na hakuna hata mmoja aliyepinga. Mechi ya mwisho Oakland ilichezwa Septemba 26, 2024. Tangu 2025 timu iko West Sacramento, kwenye uwanja wa takribani watu 14,000, ikisubiri ule wa Las Vegas unaotarajiwa kufunguliwa 2028.

Mimi ni shabiki wa timu hii na sifichi ninapoegemea. Lakini upande wa Fisher nao una hoja, na iliyo nzito zaidi ni uwanja wenyewe. Coliseum ulifunguliwa 1966 na kwa miaka mingi ulitumiwa pia na Raiders, timu ya mpira wa miguu wa Kimarekani, hivyo haukuwahi kuwa uwanja wa besiboli hasa. Mwaka 2013 maji taka yalifurika hadi vyumba vya kubadilishia nguo, wachezaji wa pande zote mbili wakalazimika kuoga kwingine. Mwaka 2023 mnyama aina ya oposamu alikuwa amefanya makao ndani ya kibanda cha watangazaji wa timu ngeni. Mchezaji mwenye ofa mbili mkononi hashawishiki kirahisi kwenda mahali kama hapo.

Wala si kweli kwamba wamiliki waliamka siku moja wakakumbuka Las Vegas. Walijaribu mji jirani wa Fremont, ikashindikana. Walijaribu San Jose, wakakuta Giants, timu ya besiboli ya San Francisco, wanashikilia haki ya eneo hilo, na San Jose ilipokwenda mahakamani, Mahakama Kuu ya Marekani ilikataa kusikiliza kesi mwaka 2015. Mwaka 2017 walichagua eneo karibu na Chuo cha Laney, Oakland, bodi ya chuo ikakataa hata kuendelea na mazungumzo. Ukiongeza kwamba Warriors wa mpira wa kikapu walihamia San Francisco 2019 na Raiders wakaenda Las Vegas 2020, si ajabu mtu wa mbali akisema tatizo ni mji. Na Las Vegas ilikwisha kuonyesha kitu: Golden Knights, timu ya hoki iliyoanza 2017, ilipata mashabiki wa kweli na kutwaa Stanley Cup ndani ya miaka sita.

Sasa turudi kwenye zile namba, maana ndizo zinazobeba hukumu yote.

Mwaka 1990, ndani ya Coliseum hiyo hiyo, timu iliingiza watu milioni 2.9. Mwaka 2014 walikuwa zaidi ya milioni 2. Mwaka 2019, miaka sita baada ya yale maji taka, walikuwa zaidi ya milioni 1.6. Mabomba yalikuwa yale yale na zege lilikuwa lile lile. Ikiwa ubovu wa uwanja ndio uliofukuza watu, ulikuwa wapi kuwafukuza 2019? Ndani ya miaka minne idadi ilishuka hadi nusu, kwa hiyo tunapaswa kutafuta kilichobadilika katika miaka hiyo minne, si katika miaka hamsini iliyotangulia.

Korona ilikuwepo, ndiyo, lakini ilizikumba timu zote, na nyingi zilirudi. Kilichotokea Oakland peke yake ni maamuzi ya timu. Msimu wa 2021 uliisha kwa ushindi 86 na vipigo 76, si haba. Kisha ukaja Machi 2022. Ndani ya siku tano mrushaji Chris Bassitt alipelekwa New York Mets, Matt Olson akapelekwa Atlanta, na Matt Chapman akapelekwa Toronto. Kabla msimu haujaanza Sean Manaea naye akaenda San Diego. Frankie Montas alifuata Agosti, Sean Murphy Disemba. Timu nzima ikavunjwa, wakaletwa chipukizi. Wakati huo huo bei za tiketi za msimu zilipandishwa, na kwa baadhi ya viti zikawa karibu mara mbili. Mwenye duka anayeondoa bidhaa kwenye rafu na kupandisha bei ya chache zilizobaki hana haki ya kushangaa wateja wakipungua. Mwaka 2022 timu ilifungwa mara 102, mwaka uliofuata mara 112.

Habari ya Olson inatosha kueleza tofauti ya timu na timu. Siku moja tu baada ya kufika Atlanta alipewa mkataba wa miaka 8 wenye thamani ya dola milioni 168. Chapman leo anachezea Giants, ng'ambo ya ghuba, kwa mkataba wa dola milioni 151 aliosaini 2024. Mashabiki wa Oakland wanamwona akiipa timu ya jirani kile walichomzoea kukifanya kwao.

Nitajibiwa kwamba Athletics siku zote ni timu ya bajeti ndogo, imekuwa ikiuza nyota wake tangu zamani. Ni kweli, na hapo ndipo wengi hawawaelewi mashabiki wa Oakland. Umaskini wa timu haukuwahi kuwafukuza. Kuanzia 2000 hadi 2003 timu iliingia hatua ya mtoano kila mwaka kwa mishahara midogo, ikaingia tena 2012 hadi 2014, na tena 2018 hadi 2020. Aliyeuzwa aliondoka, mwingine akapandishwa, na jukwaa la upande wa kulia likaendelea kupiga ngoma. Shabiki wa pale alikwisha kubali kuagana na mchezaji kila baada ya miaka michache ilimradi aone timu inatafuta ushindi. Baada ya 2021 hakuona hilo. Na Mei mwaka huo huo ligi ilikuwa imeipa timu ruhusa ya kutafuta mji mwingine, huku kaulimbiu ya timu ikiendelea kutangaza kwamba mizizi yake iko Oakland.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana. Mwaka 2006 ni timu yenyewe iliyofunika viti vya jukwaa la juu kwa turubai, ikapunguza nafasi za uwanja hadi takribani 35,000. Turubai hizo zilikaa zaidi ya miaka kumi. Mtu aliyekuwa akitazama mechi kwenye televisheni aliona eneo kubwa halina watu na akadhani ni watu waliokataa kuja.

Juni 13, 2023 mashabiki walijibu hoja hii kwa vitendo. Badala ya kususia mechi, walikubaliana kuijaza. Walifika 27,759 siku ya Jumanne kuitazama timu mbovu kuliko zote, wengi wamevaa fulana za kijani zenye neno moja kifuani, wakimtaka Fisher auze. Athletics waliwafunga Tampa Bay Rays 2-1, nao Rays wakati huo walikuwa wakiongoza ligi nzima. Mapato ya tiketi za usiku ule, zaidi ya dola 800,000, timu ilitangaza kuyatoa msaada. Siku mbili baadaye kamishna wa ligi, Rob Manfred, aliulizwa, akasema inapendeza kuona kwa usiku mmoja umati unaokaribia wastani wa kawaida wa ligi. Usiku ule ule wa mechi bunge la Nevada lilikuwa likiendelea na muswada wa fedha za uwanja, na gavana alitia saini ndani ya wiki hiyo.

Niseme kwa haki: usiku mmoja si msimu. Hata mechi ya mwisho iliyoingiza watu 46,889 ni kuaga, na kuaga huvuta watu. Biashara ya besiboli huishi kwa mechi za katikati ya wiki mwezi Aprili, upepo wa ghuba ukikata mifupa. Kama hoja ni kwamba Oakland haingejaza uwanja kila siku, naikubali. Lakini watu 10,276 si kipimo cha uwezo wa mji. Ni kipimo cha timu iliyokuwa imewaambia wateja wake kwamba haiwahitaji.

Suala la uwanja mpya ni gumu zaidi, na hapa Oakland inalaumiwa kwa kuwa bahili. Wanaolaumu wamesahau, au hawakujua, kwamba mji huu ulishawahi kulipa. Katikati ya miaka ya 1990, ili kuwarudisha Raiders kutoka Los Angeles, jiji na kaunti ya Alameda walikopa takribani dola milioni 200 na kujenga ukuta mrefu wa viti upande wa nyuma ya uwanja. Watu wanauita Mount Davis, kwa jina la aliyekuwa mmiliki wa Raiders. Kabla ya hapo, aliyekaa nyuma ya mpigaji aliviona vilima vya Oakland. Baada ya hapo aliona zege. Deni lilitarajiwa kulipwa kwa kuuza haki za kudumu za viti, haki hizo hazikununulika kama ilivyopangwa, na mzigo ukawaangukia walipakodi. Raiders walipoondoka 2020, deni lilikuwa bado linalipwa.

Mji uliopitia hayo ndio ulioletewa mpango wa Howard Terminal, ufukweni, ndani ya bandari. Ulikuwa mradi wa dola bilioni 12 wenye uwanja, nyumba 3,000, maofisi na hoteli, nao ulihitaji dola milioni 855 za miundombinu kupitia mfumo maalumu wa kodi. Timu ilisema itajenga uwanja wenyewe kwa fedha binafsi, na hilo ni la kuheshimiwa. Wafanyakazi wa bandari walipinga kwa sababu malori ya makontena na maelfu ya mashabiki wangegombea barabara moja inayokatizwa na reli. Hata hivyo, Julai 2021 madiwani sita walipiga kura kukubali masharti ya awali kwa namna yao, mmoja akapinga. Baadaye jiji likakusanya zaidi ya dola milioni 375 za ruzuku kwa ajili ya miundombinu hiyo. Jiji lilikwenda polepole, polepole kupita kiasi, na mwekezaji yeyote angechoka. Lakini kukataa kusaini hundi isiyojazwa baada ya Mount Davis ni uangalifu ambao walipakodi wa Oakland walikuwa wameulipia tayari. Aprili 2023 timu ilitangaza mpango wa ardhi Las Vegas, mazungumzo yakiwa bado yanaendelea.

Nevada nayo inajitetea vizuri kuliko inavyodhaniwa. Sehemu kubwa ya fedha zake, inasema, itarudishwa na kodi zitakazozaliwa ndani ya uwanja huo huo, kodi ambazo leo hazipo. Shida ni kwamba mtalii anayetumia dola 200 kwenye mechi hazitumii usiku ule mgahawani au kwenye onesho hatua chache kutoka hapo, na ndiyo maana wanauchumi wengi waliochunguza viwanja vya umma wanakuta mapato yamehama tu kutoka mlango mmoja kwenda mwingine. Uwanja wenyewe unabanwa kwenye ekari 9 ilipokuwa hoteli ya Tropicana, viti 33,000, na gharama iliyotajwa kuwa dola bilioni 1.5 sasa inatajwa kuwa 2. Walimu wa jimbo walipotaka wananchi wapige kura kuhusu fedha hizo, Mahakama Kuu ya Nevada iliizuia hoja yao Mei 2024 kwa kasoro za ombi lenyewe. Oakland ilijadiliana kwa miaka. Nevada ilimaliza kwa kikao kimoja cha dharura, na wananchi wake hawakuulizwa.

Kisha ukaja msimu wa kwanza West Sacramento. Hakukuwa tena na Coliseum ya kulaumu, wala jiji la Oakland. Timu ilikuwa bora kuliko ile ya 2023, ikiwa na Nick Kurtz, kijana aliyepiga mipira minne nje ya uwanja katika mechi moja mjini Houston na kutajwa mchezaji chipukizi bora. Wastani wa watazamaji mwaka 2025 ulikuwa chini ya 10,000 kwa mechi, yaani chini ya Oakland ya mwaka ule wa vipigo 112.

Na fedha? Brent Rooker alipewa dola milioni 60, Lawrence Butler milioni 65.5. Kabla yao alisajiliwa mrushaji Luis Severino kwa dola milioni 67, wakati huo mkataba mkubwa kuliko wowote katika historia ya timu hii tangu ianze 1901. Alikubaliana nao Disemba 2024, miezi isiyofika mitatu baada ya mechi ya mwisho Oakland. Wanaosema timu haikuweza kutumia fedha kwa sababu mashabiki hawakuja, waeleze ni watazamaji gani waliolipia mkataba huo.