Falz alianza kuigiza kabla hajaitwa kwenye filamu

Nilimjua Falz kama mchekeshaji. Ilikuwa 2015, saluni ya kiume pale Mwenge, kinyozi wangu kashika mashine mkono mmoja na simu mkono wa pili, anacheka mpaka nikaanza kukihurumia kisogo changu. Akanigeuzia kioo cha simu. Kijana kavaa fremu ya miwani isiyo na vioo, anamtongoza dada wa watu kwa Kiingereza kilichovunjika vunjika, na uso wake mkavu kama wa msoma taarifa ya habari. Klipu ikaisha kabla sijashika alichosema. Tukairudia mara nne. Miezi kadhaa baadaye nikaisikia sauti ile ile redioni, juu ya biti, ndipo nikajua kumbe jamaa ni mwanamuziki.

Kuna waimbaji wengi barani kwetu waliojaribu kuhamia kwenye vichekesho na filamu, na wengi tumewaona wakisimama mbele ya kamera kama wanaopiga picha ya pasipoti. Rapa huyu wa Nigeria alipita mlango uleule na akakaa. Sababu yangu ni hii: hakuhama. Mhusika alishamtengeneza ndani ya nyimbo, kwa sikio, na filamu zikamkuta tayari ana mtu wa kuleta.

Jina lake ni Folarin Falana. Baba yake ni Femi Falana, wakili wa haki za binadamu ambaye Nigeria nzima inamjua, na mama naye ni wakili. Falz mwenyewe alisomea sheria Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, akarudi nyumbani na kuapishwa kuwa wakili mwaka 2012. Kiingereza chake cha kawaida kimenyooka kama rula. Lakini kwenye nyimbo akachagua kuwa mtu mwingine kabisa: kijana wa mjini mwenye lafudhi nzito ya Kiyoruba, anayejiamini kupita kiasi, anayetumia maneno makubwa yasiyo na mahali pa kukaa. Herufi H ndiyo inayopata tabu zaidi. Waigaji wa lafudhi ile huitoa inapotakiwa na kuipachika isipotakiwa. Ndiyo maana wimbo wake mmoja unaitwa "Ello Bae", na yeye mwenyewe akajibandika jina la The Bahd Guy. Ukitazama vizuri, ile H iliyotoroka kwenye "hello" imekwenda kupanga chumba kwenye "bad".

Sisi tunaujua utani huu. Kwetu ni R na L. Mtu anaalikwa kula, anaitika kwamba atakuja kupiga kura. Wakenya wana neno kabisa, kushrabu. Kwa hiyo sikuhitaji mkalimani kumwelewa Falz, hata pale nilipokuwa sipati neno moja kati ya matatu.

Sasa njoo kwenye hizo klipu. Instagram ilipoanza kupokea video mwaka 2013, ukomo ulikuwa sekunde 15. Mchekeshaji wa jukwaani akipewa sekunde 15 anakuwa bado anasalimia. Kwa mtu wa rap ni nyumbani. Mistari minne kwenye biti ya mwendo wa kati inakula kama sekunde 10 au 11, na ndani yake unatakiwa uweke wazo, ulizungushe, kisha uliangushe kwenye neno la mwisho. Bakiza sekunde nne za kumwonyesha yule dada akishangaa, klipu imekwisha. Falz hakujifunza ufundi mpya pale. Aliondoa biti tu.

Funke Akindele, mwigizaji wa Nigeria, aliliona hilo mapema. Huyu mama alikuwa na mhusika wake, Jenifa, tangu filamu ya mwaka 2008: binti wa kijijini anayetaka mji umkubali, Kiingereza chake kina miguu mitatu. Alipomgeuza kuwa tamthilia ya Jenifa's Diary, akamchukua Falz acheze Sege. Watu wawili wanaoivunja lugha moja, kila mmoja kwa nyundo yake, na kila mmoja akiamini kwamba mwenzake ndiye asiyejua. Raha yake haiko kwenye makosa. Iko kwenye muda. Jenifa akimaliza sentensi, Sege anaiacha ikae kidogo, anaitazama kama fundi anayetazama injini, ndipo anajibu. Kile kimya ni cha mwanamuziki. Anajua biti inapokatwa watu ndipo wanapotega masikio. Machi 2016 wote wawili walibeba tuzo za uchekeshaji za Africa Magic, yeye upande wa waigizaji wa kiume na Funke upande wa kike, na mimi sikuona mtu wa kubishana nalo.

Nasema habari ya kimya kwa sababu nimeona kinyume chake kwa macho yangu. Miaka michache nyuma niliitwa kusaidia kuandika mazungumzo ya filamu fupi hapa Dar. Nafasi ya mpangaji wa chumba alipewa mwimbaji, jina nalihifadhi. Alichaguliwa kwa wingi wa wafuasi wake mtandaoni, na mwenye filamu hakulificha hilo. Mama mwenye nyumba alikuwa mwigizaji mkongwe wa jukwaa. Kamera ikawashwa, mama akaingia, akamwona kijana kakaa kitandani, na akaongeza neno ambalo halikuwa kwenye karatasi: "Mwanangu, hata shikamoo imepandishwa kodi?" Chumba kizima tukajibana tusicheke. Yule kaka akamtazama mama mdomoni, akasubiri midomo isimame, kisha akasema mstari wake kuhusu umeme wa Luku kama alivyoukariri. Alikuwa anangoja zamu yake, kama anayengoja kolabo ifike kwenye beti lake. Tulirudia mara saba. Mara ya saba mama naye alikuwa amechoka, kaacha kuongeza kitu, na hiyo ndiyo iliyobaki kwenye filamu.

Sikumlaumu sana. Studio humfundisha mwimbaji kuingiza sauti yake peke yake, chumba kimefungwa, mwenzake alishaimba juzi. Nani amfundishe kumsikiliza mtu aliye hai mbele yake?

Kuna jambo linanikera kwa Falz pia, nisijifanye. Mtoto wa mawakili wawili, kasoma Uingereza, anachuma kwa kuigiza Kiingereza cha watu ambao hawakupata shule. Kwenye tamthilia zetu nimemchoka mlinzi anayechekesha kwa kuwa Mmasai tu, na dada wa kazi ambaye utani wake wote ni kwamba katoka bara. Kwa nini huyu nimsamehe? Nusu namsamehe, kwa sababu mhusika wake haoni haya. Wanaoadhirika kwenye visa vyake mara nyingi ni wale wenye lafudhi za kununua. Wimbo wake "Wehdone Sir" wa mwaka 2017 unawacheka moja kwa moja watu wanaoishi maisha ya kuazima. Nusu nyingine bado nabishana nayo.

Mwimbaji wetu Mr. Ebbo hakuwa na tatizo hilo. Alikuwa Mmasai mwenyewe, akaichukua lafudhi ambayo wengine waliichezea na kuiimba kwa kifua mbele, na "Mi Mmasai" ikachezwa hata na waliokuwa wakimcheka. Mtu yule alikuwa na mhusika kamili: mwendo, mavazi, namna ya kushangaa mambo ya mjini, namna ya kutoshangaa kabisa. Alifariki 2011. Hadi leo huwa naiwaza tamthilia ambayo angeibeba, yeye na rungu lake, kwenye foleni ya benki.

Kwenye filamu ndefu mambo ya Falz huwa mchanganyiko. Quam's Money ya mwaka 2020 inamfuata mlinzi anayejikuta tajiri ghafla. Nusu saa ya kwanza nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kufikia katikati lafudhi ikaanza kunichosha, kwa sababu kitu kilichozaliwa kwa sekunde 15 hakivutiki kama lastiki bila kuonyesha nyuzi. Halafu 2022 ikaja Brotherhood. Humo anaigiza polisi, pacha wake ni jambazi, na pacha huyo anaigizwa na Tobi Bakre. Hakuna fremu ya miwani. H zote ziko mahali pake. Tobi anaibeba filamu, hilo sikatai, lakini tazama jinsi Falz anavyopokea maneno ya ndugu yake: taya linakaza kwanza, jibu linafuata baadaye. Ni kimya kilekile cha Sege, safari hii hakuna anayecheka.

Niliiangalia filamu hiyo saluni, kwa yule yule kinyozi, kwenye runinga aliyoifunga juu ya kioo. Tulifika kama dakika 40. Akazima mashine, akaisogelea runinga, akanigeukia.

"Kaka, huyu jamaa mbona leo haongei?"

Alikuwa anaongea muda wote.